Hofu ya hatima ya dunia: namna ya kuipa jina, saa na kazi

Saa tano na nusu usiku. Taa imezimwa, simu iko shibiri moja kutoka usoni, na kidole gumba kinasukuma habari moja baada ya nyingine: msitu unaungua, makombora yamerushwa, barafu imemeguka, wataalamu waonya. Kila habari inasomwa kwa sekunde kumi, na hakuna hata moja inayomalizwa. Ikifika saa saba mwenye simu bado yu macho, moyo unamwenda mbio, na ukimuuliza anaogopa nini hasa atakujibu, "Kila kitu."

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Hatutamwambia asiogope, maana ya kuogopesha yapo kweli. Tunachotaka ni hofu yake ipate jina linaloeleweka, saa yake maalumu katika siku, na kazi ya kufanya. Hofu iliyokosa vitu hivyo vitatu husambaa mwilini na kuingia kwenye usingizi, wala haimsaidii yeye wala dunia.

Na hayuko peke yake. Mwaka 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliowahoji vijana 10,000 wenye umri wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, zikiwemo Nigeria, India, Brazili na Ufaransa. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na asilimia 45 walisema hisia hizo zinawasumbua katika maisha yao ya kila siku. Kuiogopa hatari ya kweli si ugonjwa. Tatizo ni kwamba kengele ya hatari iliyo ndani ya mwili inafaa zaidi kwa vitu kama nyoka njiani: unashtuka, unakimbia, yamekwisha. Ongezeko la joto duniani au tishio la nyuklia halina dakika ambayo mtu anaweza kusema "limepita", kwa hiyo kengele inaendelea kulia.

Anza na mwili

Mtu ambaye moyo unamdunda hawezi kupima hoja. Kaa, miguu yote miwili ikanyage sakafu, weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu sekunde 4, itoe taratibu ukihesabu 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya kwa dakika 5, yaani pumzi 30.

Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi mno. Kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinafanya ganzi, kwa sababu kaboni dioksaidi imepungua kwenye damu, nao wanadhani hali imezidi. Ikitokea hivyo, usibadilishe hesabu; punguza tu kina cha pumzi mpaka mkono wa tumboni uinuke kidogo. Kosa lingine ni kujaribu zoezi hili kwa mara ya kwanza siku ambayo hofu imefika kileleni. Lifanye mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima, ukiwa umetulia, ili mwili uwe umeshalizoea siku utakapolihitaji.

Wapo ambao kuifuatilia pumzi kunawaongezea hofu. Hao watumie macho na mikono: taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona, 4 unavyoweza kuvigusa, sauti 3 unazozisikia, harufu 2, ladha 1.

Mlango wa habari

Baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za Boston Marathon mwaka 2013, watafiti walilinganisha makundi ya watu. Waliokuwa wakifuatilia habari za tukio lile kwa saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili kali zaidi za mshtuko kuliko waliokuwepo penyewe. Mlipuko hutokea mara moja. Kwenye skrini hurudiwa kila baada ya dakika chache, na mwili hauna namna ya kujua kuwa ni uleule.

Kwa hiyo weka utaratibu. Zima arifa zote za habari. Acha zile tu za maonyo rasmi ya mafuriko, tetemeko na hali mbaya ya hewa mahali ulipo. Soma habari mara mbili kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa kengele, na mara ya mwisho iwe angalau saa 2 kabla ya kulala. Chagua maandishi badala ya video, kwa sababu msomaji anaweza kusimama katikati ya sentensi, ilhali video hujicheza yenyewe na picha zake hubaki kichwani. Chagua chombo kimoja au viwili vyenye wahariri na vinavyosahihisha makosa yao hadharani. Usiku simu ichajiwe chumba kingine. Kama ndiyo inayokuamsha, tafuta saa ya mezani.

Kinachobadilika kwa mwezi kisomwe kwa mwezi. Kiwango cha kaboni dioksaidi angani hakina habari mpya ya saa nne asubuhi.

Utaratibu huu huvunjika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuacha habari kabisa: siku kumi unajisikia mwepesi, kisha unasikia nusu ya jambo kwa jirani, na nusu hiyo inatisha kuliko jambo lenyewe. Ya pili ni ile "naangalia kidogo tu". Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Mtandao wa kijamii hauna. Soma vitu vyenye mwisho.

Kuisoma takwimu inayotisha

Kila tarakimu inayokushtua iulize: ni uwezekano wa kiasi gani, ni ya lini, na inategemea nini?

Mwishoni mwa 2024 iligunduliwa asteroidi, yaani jiwe la angani linalozunguka jua, iliyopewa jina 2024 YR4. Februari 2025 uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1 hivi, na vichwa vya habari vikapanda nao. Siku chache baadaye ulishuka karibu na sifuri. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mwanzoni njia ya jiwe lile haikujulikana vizuri, kwa hiyo eneo ambalo lingeweza kupita lilikuwa pana sana na dunia ilikuwa sehemu ndogo ndani yake. Kadiri vipimo vilivyoongezeka eneo likabana, na maadamu dunia bado ilikuwa ndani, asilimia ikapanda. Kipimo kimoja zaidi, dunia ikawa nje. Anayelijua hilo haishi siku zile akiwa ameshikilia roho mkononi.

Ile Saa ya Kiyama inayotangazwa na wanasayansi wa nyuklia tangu 1947 nayo hueleweka vibaya. Januari 2025 iliwekwa sekunde 89 kabla ya saa sita usiku, ambayo ndiyo mfano wa maangamizi. Hizo si sekunde zilizopimwa kwa chombo. Ni maoni ya kamati ya wataalamu kuhusu ukubwa wa hatari, yakitolewa kwa picha ya saa. Mwaka 1991, Vita Baridi ilipokwisha, ilirudishwa nyuma hadi dakika 17. Ichukulie kama onyo la watu wenye ujuzi, usiihesabu kama saa ya ukutani.

Halafu kuna nyuzi joto 1.5. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda kupita kiwango hicho juu ya joto la kabla ya enzi ya viwanda. Wengi walilia kwamba mlango umefungwa. Lakini kikomo cha Mkataba wa Paris wa 2015 hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 20, na tena 1.5 si ukingo wa jabali ambao ukiuvuka umeanguka. Ni kama homa: 1.6 ina madhara machache kuliko 1.7, na 1.7 kuliko 1.8. Jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi linaeleza pia kwamba utoaji wa kaboni dioksaidi ukifikia sifuri halisi, yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa angani, joto linalosababishwa na gesi hiyo takriban litakoma kupanda. Yaani hakuna siku ambayo kazi itakosa maana. Hili ndilo tungependa msomaji alishike kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu kukata tamaa kwa wengi kumejengwa juu ya kutolijua.

Karatasi

Hapa ndipo penye uzito wa kazi. Unahitaji daftari la kawaida, kalamu, kengele, na dakika 30 za kila siku, saa ileile, kiti kilekile. Si kitandani, na si ndani ya saa 2 za mwisho kabla ya kulala. Njia hii ya kuutengea wasiwasi nusu saa yake ilijaribiwa na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983, na bado inatumika katika tiba ya wasiwasi.

Mchana kutwa, hofu ikija, andika maneno matatu au manne kwenye kijikaratasi: "vita, mdogo wangu" au "maji yataisha". Jiambie: nitalishughulikia saa kumi na moja. Rudi kwenye ulichokuwa unafanya. Usijaribu kuifukuza hofu. Unaiahirisha tu, na ubongo hukubali kuahirisha kwa urahisi zaidi kuliko kukatazwa.

Saa ikifika, gawa ukurasa safu tatu za wima: ninachoogopa, kinachojulikana, mkono wangu unafika wapi.

Safu ya kwanza karibu kila mtu huanza hivi: *Dunia inaisha.* Sentensi hiyo haishikiki. Iulize: nini kitatokea, kwa nani, lini, kwa njia gani? Jaribio la pili huwa: *Joto litaharibu maisha yetu.* Bado. Endelea mpaka ufike mahali kama hapa: *Naogopa kwamba baada ya miaka ishirini mama atakuwa mzee, anaishi peke yake, na siku za joto kali hakutakuwa na mtu wa kumwangalia.* Sasa kuna mtu, kuna wakati, kuna njia. Mara nyingi machozi hutoka kwenye sentensi ya namna hiyo, na mabega hushuka baadaye. Ndiyo yenyewe iliyokuwa imejificha nyuma ya "kila kitu".

Safu ya pili: joto kali huwadhuru zaidi wazee, watoto wachanga, wanaofanya kazi juani na wanaoishi peke yao; na vifo vingi vya joto huzuilika kwa maji, kivuli, mahali pa kupoa, na mtu wa kupita kuangalia. Andika unachokijua kwa hakika tu. Usichokijua weka alama ya kuuliza, ukitafute kesho katika dakika zako 15 za habari. Usishike simu sasa.

Safu ya tatu: nani anaishi karibu na mama, nimpigie nani, chumba chake kinapitisha hewa vipi, dawa anazokunywa zinaathiriwaje na joto. Yapo yasiyofikiwa na mkono wako, kama uamuzi wa mtawala mwenye silaha za nyuklia. Yapigie mstari chini na uandike: *si kwa mikono yangu peke yangu.*

Kengele ikilia, simama hata kama sentensi haijaisha. Funga daftari, kisha fanya kitu cha mikono au tembea dakika 10.

Kosa linaloharibu zoezi hili ni kuligeuza kuwa msako wa uhakika. Mtu anarudia swali lilelile siku nne mfululizo akitaka jibu la "haitatokea kamwe", na jibu hilo halipo. Ukiona swali limerudi mara ya tatu bila jambo jipya, andika "nimeshalijibu, tarehe fulani" na uende linalofuata. Wiki ya kwanza unaweza kuona hofu imeongezeka, maana unaitazama usoni. Ipe njia hii wiki 3 au 4 kabla ya kuihukumu.

Kazi

Kutoka safu ya tatu, chagua jambo moja. Moja tu. Liwe karibu na ujuzi ulio nao tayari, lifanyike pamoja na wengine, na matokeo yake yaonekane ndani ya miezi 3. Mhasibu awatunzie hesabu wanaopanda miti. Mwalimu awafundishe wanakijiji kuusoma utabiri wa hali ya hewa. Fundi umeme asaidie zahanati kuhamia umeme wa jua. Saa 2 kwa wiki zinatosha kuanza.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuanza na kuishia kwenye usafi wa nafsi: kila mfuko wa plastiki unakuwa dhambi, kila safari inakuwa kesi. Mtu anachoka kabla hajakutana na mtu mwingine hata mmoja. Kubadili matumizi ya nyumbani ni vyema, ila maamuzi makubwa ya umeme, usafiri, ardhi na maji hufanywa kwenye mabaraza, makampuni na mabunge, na huko kidole kimoja hakivunji chawa.

Kosa la pili ni saa 2 kugeuka 15. Kabla hujaanza, andika tarehe ya kupumzika: wiki moja katika kila sita, bila vikao wala ujumbe.

Mtafiti wa Sweden, Maria Ojala, amechunguza jinsi watoto na vijana wanavyoubeba wasiwasi huu. Katika tafiti zake, kulikabili tatizo kwa vitendo kuliweza kwenda pamoja na mzigo mkubwa wa wasiwasi. Waliobaki na matumaini walikuwa pia na maana ya kushikilia, kama vile imani kwamba wapo watu wengine wanaofanya sehemu yao. Kwa hiyo weka kurasa mbili za daftari kwa ajili ya mambo yaliyowahi kufaulu. Tundu kwenye ozoni, tabaka la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, lilitangazwa 1985, Itifaki ya Montreal ya kuziondoa kemikali zinazoliharibu ikasainiwa 1987, nchi zote za Umoja wa Mataifa zikaridhia, na tabaka hilo sasa linapona. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, baada ya wachanjaji kufuata mgonjwa mmoja mmoja mpaka vijiji vya mwisho. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa kwenye vituo vya mafuta vya nchi ya mwisho mwaka 2021. Vichwa vya nyuklia vilikuwa takriban 70,000 katikati ya miaka ya 1980. Leo ni kama 12,000. Hivyo 12,000 bado vinatosha kuangamiza, na hatusemi vinginevyo. Ila mtu anayesema "binadamu hawajawahi kukubaliana jambo" amekosea kihistoria.

Maandalizi yenye kikomo

Kujiandaa hutuliza kwa sababu ni kazi inayokwisha. Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku 3. Watu 5 ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, yabadilishwe kila miezi 6. Kama maji hayaaminiki, yachemshe mpaka yatokote dakika 1 (dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000), au tia matone 2 ya klorini ya kufulia ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato, kwa kila lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa kwanza, kisha tia matone 4. Ongeza chakula kisichohitaji moto, dawa za siku 7, tochi, redio ya betri, nakala za vyeti kwenye mfuko usioingia maji, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana.

Kisha andika "nimemaliza" na tarehe. Ukiongeza kitu na hofu ikarudi usiku uleule, kitu hicho hakikuwa dawa yake. Rudi kwenye karatasi.

Mtoto akiuliza

Muulize kwanza amesikia nini, kwa maana mara nyingi ameogopa kitu ambacho hukukitarajia kabisa. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli: "Ndiyo, ni jambo la kweli. Wapo watu wengi wanaolifanyia kazi. Mimi niko na wewe." Usiahidi kwamba hakuna kitakachotokea. Wala usimwambie "ninyi ndio mtakaoiokoa dunia". Unamtwisha mtoto mzigo wa watu wazima. Watoto wadogo wasione kabisa picha za maafa.

Ikiwa ni huzuni

Wakati mwingine karatasi haisaidii kwa sababu kilichopo si hofu. Mto uliokuwa ukioga utotoni umekauka, na hakuna hatua ya kuuchukulia. Glenn Albrecht, mwanafalsafa wa Australia, aliliita jambo hili solastaljia: majonzi ya kuona makazi yako yanabadilika ukiwa bado unaishi humo. Huzuni hii huombolezwa. Isimulie kwa aliyeujua mto ule, nenda mahali pale, kaa.

Msaada wa kitaalamu

Nenda kwa daktari au mwanasaikolojia kama wasiwasi umekushika siku nyingi zaidi ya zile za nafuu kwa miezi 6. Kama usingizi unakukimbia mara 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi 3. Kama umekosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki 2. Au kama unatumia pombe ili ulale. Usisubiri muda huo utimie ikiwa kazi au malezi yameshindikana. Chukua daftari lako. Taja saa unazolala na siku ulizoshindwa kazi, kwa sababu "nina mawazo" hujibiwa kwa "pumzika". Uliza kuhusu tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo ya kurekebisha fikra na mazoea. Tiba hiyo haikutaki uamini kuwa majanga ni uongo, na mtaalamu akikucheka kwa kuogopa tabianchi, tafuta mwingine.

Yakija mawazo ya kufa au ya kujidhuru, usiyapeleke kwenye karatasi na usingoje miadi. Mwambie mtu leo hii, kwa maneno ya wazi: "Nina mawazo ya kujiua." Mkabidhi dawa na sumu zilizomo ndani azihifadhi kwake, na msiachane mpaka mfike hospitali.